Nusu ya Nusu Si Sifuri

Twataka kusema neno lililotukaa moyoni tangu masika. Neno lenyewe halitawapendeza watu wote, na baadhi yao ni walimu wenzetu, na baadhi ni jirani zetu hapa Kihonda ambao twakutana nao kila Jumapili. Walakini likinyamaziwa litazidi kumwumiza mtu asiye na kosa.

Yuko mama mmoja katika mtaa wetu ambaye aliugua saratani ya tezi ya shingo. Akapasuliwa, kisha katika hospitali moja ya Dar es Salaam akapewa dawa ya kumeza iliyo na iodini yenye mionzi. Dawa hiyo ni ya ajabu, maana tezi ya shingo hupenda iodini kuliko kiungo kingine cho chote, basi huivuta yenyewe, na mionzi hufanya kazi palepale penye ugonjwa. Mama akarudi nyumbani na karatasi ya maagizo: alale peke yake kwa siku alizopangiwa, asipakate watoto wadogo, akae mbali na wenye mimba. Akayafuata yote kama mtu afuatavyo sheria. Siku zikaisha.

Kwa jirani zake hazikuisha. Mwezi wa nne tangu kurudi kwake, jumuiya ilipokaa na chai ikaletwa, tuliona kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu kishikioni, kisichanganyike na vingine. Watoto wameambiwa wasipite mlangoni pake. Akishika mwiko jikoni penye shughuli, wenzake hukumbuka ghafula kwamba wana kazi uani. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: “Mama yule ana atomiki.” Husemwa kwa sauti ya chini, kama watu wasemavyo habari ya mchawi.

Sasa twafika penye aibu yetu wenyewe. Aliyefunga uzi ule ni kijana tuliyemfundisha fizikia. Twakumbuka karatasi yake ya mtihani, kwa kuwa swali la nusu-uhai alilipata lote, hesabu safi, mstari kwa mstari, na jibu likapigiwa mstari chini kwa rula. Tukampa alama zote. Na mkono ule ule uliopiga mstari ndio uliofunga uzi.

Tulipomwuliza, alijibu kwa adabu: “Shikamoo, mwalimu. Lakini ile ilikuwa ya mtihani.”

Basi twasema wazi kwamba sisi walimu ndio tuliomfundisha hivyo. Tuliandika kanuni ubaoni, wakainakili, tukawapa namba, wakaziweka mahali pake, kengele ikalia. Hatukuwaambia hata mara moja kwamba namba zile zaweza kuwa shingo ya mama yao. Tena lipo kosa jingine baya zaidi, ambalo tumelisikia likifundishwa kwa kinywa kikubwa: ya kwamba nusu ya kitu ikiisha kwa siku 8, basi nusu ya pili nayo itaisha kwa siku 8 nyingine, na siku ya 16 hakuna kitu. Mtu aliyefundishwa hivyo, akija kusikia kwamba siku ya 16 bado ipo robo, hushtuka na kusema, “Kumbe haiishi! Kumbe hukaa milele!” Hapo hofu yapata mahali pa kukaa. Kosa dogo la ubaoni limezaa uzi mwekundu.

Na tuifanye hesabu hiyo hapa, mbele ya wasomaji wote, hata wale walioacha shule darasa la saba, maana haihitaji zaidi ya kugawanya kwa mbili. Chembe ndogo kabisa ya kitu huitwa atomu. Atomu za iodini ya dawa ile hazitulii: mojamoja hupasuka, hutoa mionzi, na kugeuka kuwa hewa iitwayo zenoni, isiyo na mionzi tena. Hakuna ajuaye ni ipi itakayopasuka leo na ipi kesho. Wala atomu hazizeeki kama watu. Iliyokaa mwezi mzima bila kupasuka haina uchovu kuliko iliyotengenezwa jana. Lakini zikiwa nyingi, jumla yao ina desturi isiyovunjika: kila siku 8 hubaki nusu ya zile zilizokuwapo. Nusu ya zilizokuwapo, angalieni sana, si nusu ya zile za mwanzo. Ni kama sufuria ya wali na mgeni ambaye kila apitapo hula nusu ya anachokikuta. Mara ya kwanza mwenye nyumba atalalamika. Mara ya kumi mgeni hapati hata punje ya kujaza kijiko.

Siku ya 8 ni nusu. Siku ya 16 ni robo. Siku ya 24 ni moja ya nane, siku ya 32 moja ya kumi na sita, siku ya 40 moja ya thelathini na mbili. Endeleeni wenyewe kwa kidole mchangani mpaka siku ya 80, mtakuta sehemu moja katika 1,024. Mama wa uzi mwekundu alikuwa amemaliza siku 120, yaani nusu-uhai 15. Sehemu iliyobaki ilikuwa moja katika 32,768. Na hiyo ni kama mwili wake ungaliifunga iodini yote ndani kama kopo lenye kifuniko, jambo ambalo mwili haufanyi, kwa kuwa iliyo nyingi hutoka kwa mkojo katika siku za kwanza. Kwa hiyo ile karatasi ya maagizo ilikuwa na siku zake. Waliomtibu hawakuandika siku zile kwa kubahatisha. Waliipiga hesabu hii hii.

Wengine, wakisikia haya, hutujibu, “Mwalimu, na Chernobyl je?” Swali ni jema, nasi hatulikwepi. Mtambo ule ulilipuka mwaka 1986, ukamwaga vitu vingi vya namna mbalimbali, na kila kimoja kina saa yake. Iodini iliyomwagika ilidhuru watoto wengi katika tezi zao, kisha baada ya miezi michache ikawa imekwisha kwa kupungua kwake yenyewe. Lakini kulikuwa na sesiamu pia, ambayo nusu-uhai wake ni miaka 30 hivi, na hiyo ipo hata leo, zaidi ya theluthi moja ya ile iliyoanguka. Basi asemaye “mionzi ni mionzi tu” ni sawa na asemaye nyoka ni nyoka tu, akamkimbia mjusi na kumkanyaga kifutu. Hatusemi hakuna cha kuogopwa. Twasema kwamba mwenye kuogopa aulize kwanza jina la kitu na nusu-uhai wake.

Kadhalika wako waliotibiwa kwa mashine. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa miaka mingi ilitibu wagonjwa kwa mashine za kobalti. Kobalti hiyo hukaa ndani ya mashine. Mionzi humpita mgonjwa kama mwanga upitavyo dirishani, na mashine ikifungwa hakuna kinachobaki mwilini mwake cha kumdhuru mwingine. Kumtenga mtu wa namna hii hakuna hata ile sababu ndogo ya siku chache. Nusu-uhai wa kobalti ni miaka 5 na robo hivi. Ndiyo sababu kobalti ikizeeka mgonjwa hulazwa chini ya mashine dakika nyingi zaidi: nguvu ikibaki nusu, muda ni mara mbili. Hapo tena ni hesabu ile ile, na anayeipata vibaya hupoteza zaidi ya alama.

Sasa sikilizeni kioja. Watu hawa hawa wasemao kwamba iodini ya mama yule haitakwisha milele, ukiwaonyesha milima yetu ya Uluguru na kuwaambia umri wa mawe yake, hucheka. “Nani alikuwapo akahesabu?” Kwa kitu kinachokwisha upesi wana yakini ya milele, kwa kitu kinachokwenda polepole hawataki kusadiki hata kidogo. Na laiti wangalijua kwamba hesabu hii, ambayo vitabu vya shule huifundisha kwa mifano ya mbali, ilisaidiwa sana na jiwe lililotoka huku kwetu!

Kutoka Kihonda, ukitazama kusini asubuhi kabla ya mawingu kukusanyika, wauona Uluguru wote umesimama. Ndani ya milima ile, zamani za Wadachi, watu walichimba ulanga, lile jiwe la kung'aa linalobanduka kama kurasa za kitabu. Pamoja na ulanga walikuta vipande vyeusi, vizito kupita kiasi, vyenye ganda la manjano. Vilikuwa madini ya urani. Vikapelekwa Ujerumani, na mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald akaandika habari zake. Ganda lile la manjano aliliona kuwa madini ambayo hayajapata kupewa jina, akayaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, yule aliyegundua pamoja na Frederick Soddy huko Montreal, Kanada, mwaka 1902, kwamba atomu za vitu hivi hugeuka kuwa vitu vingine kwa kipimo maalumu. Hivyo jina la mtaalamu mkuu wa elimu hii limefungwa na milima yetu katika kila orodha ya madini duniani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Jiwe letu lilitangulia kufika Ulaya.

Urani nayo hupasuka, lakini kwa uvivu mkubwa. Nusu-uhai wa ile iliyo nyingi ni miaka milioni 4,470. Haigeuki mara moja. Hupita vituo vingi kama gari la moshi, kimoja kikiwa radiamu, hata ishuke kituo cha mwisho, nacho ni risasi, ambayo haigeuki tena. Basi ukilivunja jiwe na kupima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, waweza kujua safari imekuwa ndefu kiasi gani. Bertram Boltwood wa Marekani alitangaza hesabu za namna hii mwaka 1907, na Mwingereza Arthur Holmes akaziendeleza mwaka 1911.

Mpinzani mwenye akili atasimama hapa na kusema: “Je, mwajuaje kwamba risasi hiyo ilizaliwa na urani? Yamkini ilikuwamo ndani ya jiwe tangu siku ya kwanza.” Huyo twampa mkono, maana ameuliza swali ambalo wataalamu wenyewe waliliuliza. Na jiwe lililolijibu vizuri kuliko mengi ni la Morogoro. Katika miaka ya 1914 na 1915, Otto Hönigschmid na Bibi Stefanie Horovitz, mjini Vienna, waliitoa risasi katika madini ya urani ya Morogoro, wakaisafisha mara nyingi, wakaupima uzito wa atomu zake kwa uangalifu ambao sisi tusio na maabara twaweza kuustaajabia tu. Risasi ya kawaida, ile ya mabomba na ya bunduki, ilikuwa imejulikana kuwa na uzito wa karibu 207.2. Risasi ya jiwe letu ilipata karibu 206.05. Rangi ni moja, tabia ni moja, uzito ni mbali. Na 206 ndio uzito ambao hesabu ilikuwa imetabiri kwa risasi iliyozaliwa na urani. Kwa hiyo risasi ile ilikuwa na alama ya mzazi wake, kama mtoto ajulikanavyo kwa sura hata akikutwa ugenini. Kwa kipimo hicho dunia iliamini kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na atomu za uzito mbalimbali. Bibi Horovitz hakupata sifa iliyomstahili. Aliuawa na Wanazi huko Treblinka mwaka 1942, naye alikuwa Myahudi. Twamtaja kwa sababu mikono yake ilishika kipande cha milima tunayoitazama kila siku, wala hatujui shule hata moja ya jirani inayolitaja jina lake.

Kwa walimu wenzetu tunaongeza hesabu moja. Ni mfano wa darasani, si kipimo cha maabara. Tuseme jiwe lina atomu 100 za urani na atomu 10 za risasi iliyozaliwa humo. Mwanzo urani ilikuwa 110. Zimepungua 10, yaani kama 9 katika kila mia. Mwalimu mvivu atasema: “Nusu, ndiyo 50 katika mia, huisha kwa miaka milioni 4,470, basi 9 katika mia zitaisha kwa milioni 813 hivi.” Amekosa. Mwanzoni urani ilikuwa nyingi zaidi, kwa hiyo ilipungua upesi zaidi, na hakuna haki ya kugawanya muda sawasawa kama posho. Fungueni majedwali ya logi: logi ya 1.1 ni 0.0414, logi ya 2 ni 0.3010, ya kwanza ukiigawa kwa ya pili wapata 0.1375. Zidisha kwa milioni 4,470, jibu ni karibu milioni 615. Mvivu amelizeesha jiwe kwa miaka milioni 200 karibu, kwa kosa lile lile la “siku ya 16 hakuna kitu”. Na vipimo vya kweli vilivyofanywa juu ya miamba ya Uluguru vimeonyesha kwamba joto kuu lililoipika lilikuwa zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita.

Hapa ndugu wengine watatuonya kwamba tunagusa Maandiko. Hatuyagusi. Hesabu ya kwamba ulimwengu ulianza mwaka 4004 kabla ya Kristo haimo katika Kitabu cha Mwanzo. Ni hesabu aliyoipiga Askofu Ussher wa Ireland, akaitangaza mwaka 1650, kwa kujumlisha umri wa watu. Alikuwa mtu mwenye elimu ya zama zake, na kama angalikuwa na jiwe letu mezani twadhani angalilipima. Tena si Uluguru peke yake. Fuvu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959, majivu ya volkano yaliyolifunika yalipimwa kwa saa nyingine ya namna hii, ya potasiamu, nayo mwaka 1961 ikatoa miaka milioni moja na robo tatu.

Turudi darasani, maana huko ndiko uzi ulikosokotwa. Tumeacha kuanza na kanuni. Twawapa watoto sarafu mia, au punje mia za mahindi bapa zilizopakwa makaa upande mmoja, wazimwage mezani. Zilizoonyesha weusi huondolewa na kuhesabiwa. Zilizobaki humwagwa tena. Hubaki hamsini hivi, kisha ishirini na tano hivi, kisha kumi na mbili au kumi na tatu. Hawapati hesabu kamili kamwe, na hilo ndilo tunalotaka walione: punje moja haitabiriki, lakini mia zatii. Kisha twawauliza punje ipi ilikuwa na hatia. Hucheka. Kisha twawaambia habari ya iodini na siku 8, nao huacha kucheka, kwa kuwa wote wanaujua mlango waliokatazwa kupita. Kanuni huja siku ya tatu, na wakati huo huijenga wenyewe.

Mkaguzi mmoja alituambia kwamba njia hii yapoteza vipindi viwili. Ni kweli, yapoteza. Twamwuliza yeye, na wazazi wanaotaka alama tu, vipindi viwili ni bei gani mbele ya miezi minne ya mtu mzima kunywa chai peke yake katikati ya watu waliobatizwa pamoja naye.

Yule kijana wetu tulimwita nyumbani jioni moja, tukampa chaki na kipande cha ubao. Hatukumhubiri. Tulimwambia, “Andika tarehe aliyomeza dawa, kisha andika ya leo.” Akaandika. Akagawanya kwa 8, akaanza kukata nusu: moja ya mbili, moja ya nne, moja ya nane. Alipofika 4,096 alisimama akatutazama. Tukamwambia aendelee. Alimaliza, akaiangalia namba ya mwisho kitambo, akafuta mikono yake, akauliza kama tulikuwa na mkasi.

Jumapili ijayo jumuiya itakaa kwa mama yule, kwa ombi lake mwenyewe. Chai atapika yeye, katika sufuria zake. Baadhi ya ndugu wametuma habari kwamba watakuja na vikombe vyao kutoka nyumbani. Tumewajibu kwamba mwenyeji anavyo vya kutosha.